Bei niliyoifuta mara nyingi

Kwa miezi mitatu niliandika daftarini kila muamala niliofungua katika soko la fedha: sababu ya kuingia, bei niliyoingilia, na bei ambayo ikifikiwa ningekiri kuwa nimekosea na kutoka. Nilipoyarudia maandishi hayo niliona aibu, kwa kuwa kanuni za kuingia nilikuwa nimezifuata karibu zote, lakini ile bei ya kukatia hasara nilikuwa nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi, kila mara mbali zaidi, na pembeni yake maelezo marefu ya kwa nini safari hii soko lingegeuka.

Wengi wetu tukizungumzia mfumo wa biashara huanza na ishara za kuingia. Hata kanuni ambazo wafanyabiashara wa Marekani Richard Dennis na William Eckhardt waliwafundisha wanafunzi wao wa Chicago mwaka 1983 hukumbukwa zaidi kwa agizo la kununua bei inapovuka kilele cha siku 20 au 55 zilizopita. Mimi naona uzito wake ulikuwa kwingine: mtikisiko wa bei, yaani kiasi inachopanda na kushuka kwa siku, ulipimwa kwa wastani wa siku 20, kisha kila kipande cha muamala kikapangwa ili mtikisiko mmoja wa aina hiyo usigharimu zaidi ya asilimia 1 ya akaunti, na hasara ikakatwa bei ilipokwenda kinyume kwa kiasi cha mitikisiko miwili. Soko likichafuka, mtu alinunua kidogo, awe na hamu au asiwe nayo.

Anayehatarisha asilimia 1 ya mtaji uliopo kila mara, akishindwa mara 10 mfululizo, hubaki na takriban asilimia 90 ya alichoanza nacho. Anayehatarisha asilimia 10 hubaki na takriban asilimia 35, na ili arudi alipokuwa lazima apate faida ya karibu asilimia 187.

Hata hivyo kanuni ikishikwa na yule yule inayemzuia, haimzuii. Katika Barings, benki ya Kiingereza iliyoanguka mwaka 1995, mfanyakazi wake Nick Leeson alisimamia biashara na pia uhakiki wa miamala yake kule Singapore, hivyo hasara ikajificha katika akaunti namba 88888 hadi ikafika pauni milioni 827. Mashine nayo huhitaji kizuizi cha nje: mwaka 2012 kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, Knight Capital, kwa sababu ya programu ya zamani iliyosahaulika katika seva moja kati ya 8, ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa muda wa dakika 45 hivi.

Kwa hiyo nilimwomba wakala wangu aweke kikomo cha hasara cha asilimia 2 kwa siku, ambacho siwezi kukibadilisha hadi kesho yake. Wiki iliyopita kilinifungia kabla ya saa sita mchana. Alasiri bei ikageuka kama nilivyotabiri, nami nikaiandika daftarini kwa kalamu ya wino.