Siku moja maishani mwangu: kikombe, kanga na watoto wa Mikindani

Saa 1 asubuhi. Chai na muhogo wa kuchemsha, kisha nafunga begi: daftari, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, kikombe cha plastiki na kanga kuukuu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Saa 2. Siku ya kliniki. Kina mama wako kwenye benchi wakisubiri mizani, na mashindano yameshaanza. "Wako anatambaa?" "Wangu alianza na miezi sita." Mmoja kainamisha macho, anamfunika mwanawe. Namfuata huyo. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema wa nchi 5, Ghana na Oman zikiwemo, na majibu ya mwaka 2006 ninayo kichwani: kukaa bila kushikwa ni kati ya miezi 4 na 9, kutembea ni kati ya 8 na karibu 18. Wengine, kama 4 katika kila 100, hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa.

"Kumbe wangu anayesota kwa makalio ni mzima?"

Mzima, mdogo wangu.

Saa 4. Hodi nyumba ya karibu na ufukwe. Mtoto ana miezi 8. "Dada, huyu mtundu! Kijiko nikimpa anatupa, nikiokota anatupa tena." Namwomba tuketi mkekani tumtazame tu. Anatupa. Macho yanakifuata kijiko mpaka chini, yanatulia hapo, kisha yanapanda usoni kwa mama. Anajifunza: kimekwenda wapi, na mama atafanya nini? Natoa kikombe, nakifunika kwa kanga mbele yake. Miezi minne iliyopita angekisahau papo hapo. Leo anasita, vidole vinakamata pindo, anavuta. Kikombe! Anapiga ukelele. Bibi yake kaacha kukuna nazi, kasogea. Baba ndiyo kwanza katoka baharini, anasema hajui kucheza na vichanga. Nampa kanga. Nawaacha yeye akijificha uso na kuuchomoza, mtoto akicheka mpaka kwikwi.

Saa 7. Ugali, samaki wa nazi, swala.

Saa 8 na nusu. Mtoto njiti, aliyezaliwa wiki 8 kabla ya wakati. Ana miezi 5, na mama anamlinganisha na wa jirani. Namwambia aondoe ile miezi miwili: amtazame kama wa miezi 3. Tunamlaza kifudifudi juu ya kanga. Anainua kichwa, kinatikisika, kinakaa. Mama analia. Nami nakaa naye kimya.

Saa 11. Naandika daftari. Yupo mmoja wa miezi 18 ambaye hata kusimama dede bado, na maneno mawili aliyokuwa nayo yamepotea. Hapo sisemi tusubiri. Mama yake anaogopa kwenda peke yake, kwa hiyo kesho saa 1 tunapanda daladala pamoja kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, Mtwara mjini.