Chumvi kwenye kopo la mchele

Juzi mwanangu wa mwisho alitia mkono kwenye kopo la mchele, akachomoa kipande cheupe na kuniuliza, "Baba, hii ni pipi?" Nikamwahi kabla hajalamba.

Kisa cha kipande kile kilianza msimu wa korosho wa 2018, rambo zingali zinagawiwa bure sokoni. Mama mdogo na wenzake walikuwa wakikaanga na kubangua nyuma ya nyumba, hapa hapa Mtwara. Nilikuwa nimeazima kamera ya joto nijue kwa nini upande mmoja wa kikaango unaunguza korosho na mwingine unaziacha mbichi. Lakini maganda yakishika moto hutema mafuta, na mafuta yale huchubua ngozi. Mikono ya mama mdogo inasimulia yote. Tone likiruka kwenye lenzi ya watu, nitalipa nini? Lenzi ile si kioo, ni jerimaniamu, na kidirisha cha kuikinga kilikuwa na bei ya kutukatisha tamaa.

Nikaanza na kipande cha kioo cha dirisha. Kikaango chote kikapotea, nikabaki kuutazama uso wangu mwenyewe kwenye skrini. Kamera ile huona mawimbi ya joto ya maikromita 8 hadi 14, na kioo kinachopitisha mwanga wa jua vizuri huyazuia hayo, mengine huyarudisha. Chupa ya maji ya plastiki nayo haikuonyesha kitu.

Mama mdogo alikuwa akinitazama muda wote. Akamwaga vitunguu kutoka kwenye rambo nyeusi, akatia mkono ndani. "Jaribu na hii, mwanangu."

Kwa macho, mfuko ulikuwa mweusi ti. Kwenye skrini haukuwepo. Palikuwa na mkono: vidole vitano vyeupe kwa joto, kiganja chake kipana, na pete yake ya fedha ikiwa mstari mweusi, kwa kuwa metali ing'aayo hutoa joto kidogo sana la kuonekana. Alikunja ngumi, akaifungua. Tukanyamaza. Wenzake wakaacha kubangua, wakaja mmoja mmoja na mikono iliyojaa majivu, kila mmoja akitaka kuingiza wake. Mama mdogo akautoa mkono taratibu, akauangalia kama mgeni. "Kumbe hata gizani mnatuona?"

Sikuwa na jibu.

Mengine yalikwenda haraka. Rambo ile ikisogezwa karibu na moto hunywea, kwa hiyo tulipima tukiwa mbali, tukaona kuni zilikuwa zikirundikwa upande mmoja tu. Nami nikakumbuka kwamba Mtaliano Macedonio Melloni, karne ya 19, alitumia chumvi ya mawe katika majaribio yake ya joto, maana chumvi huyapitisha mawimbi hayo na haiyeyuki mpaka nyuzi 801. Lindi si mbali, na mashamba ya chumvi yapo. Nikaletewa punje kubwa, nikazisugua kwa kitambaa chenye spiriti mpaka moja ikawa bapa. Taswira ilipita, yenye ukungu, lakini ilipita. Asubuhi nikaikuta imetoa jasho: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi hunywa maji, na pwani yetu mnaijua. Ndiyo maana ikahamia kwenye mchele.

Tarehe 1 Juni 2019 rambo zikapigwa marufuku, na kamera nilikuwa nimekwisha irudisha. Sijui kama niuite ugunduzi. Nilipekua orodha za bei kwa majuma, na jibu lilikuwa limebeba vitunguu. Wa kwanza kulijaribu hakuwa mimi.

Nilimsimulia mwanangu yote haya. Akakigeuza kile kipande kwenye mwanga wa dirisha, akakisogeza jichoni.

"Sasa mkono wa bibi mbona siuoni humu?"

Nikamwambia Ijumaa twende kwa bibi mwenyewe, tumuulize.