Mwendo wa Kutwa

Bwana asifiwe, wapendwa. Andiko letu juma hili ni Luka 2:41–52, habari za Yesu wa miaka 12 aliyebaki Yerusalemu baada ya Pasaka, wazazi wake wakiwa wameshashika njia ya kurudi Nazareti.

Wahubiri wengi hukimbilia hekaluni alikopatikana, kwa wale waalimu na maswali yao. Mimi nimekwama mstari wa 44, barabarani. Luka anasema walidhani yumo katika msafara, wakaenda mwendo wa kutwa. Kutwa nzima! Ila kabla hujamlaumu Mariamu, uangalie msafara wenyewe. Halikuwa kundi la walevi. Walikuwa jamaa na majirani wanaotoka kuabudu, watu walioijua njia ile pamoja na zile nyimbo za kupanda mlima, Zaburi ya 120 hadi ya 134. Mtoto katika kundi la namna hiyo ni wa wote, anakula kwa shangazi na kulala kwa mjomba. Umtafute wa nini? Mapokeo yanaitaja Al-Bireh, yapata kilomita 15 kaskazini mwa Yerusalemu, kuwa ndipo walipotua jioni ile ya kwanza. Nadhani ni pale kila nyumba ilipojikusanya kwa chakula ndipo pengo lilipoonekana. Mchana kutwa, uzuri wa kundi ulikuwa umeliziba.

Majuzi tulikuwa kundi zuri vile vile, tukitoka Nairobi kwenda harusi ya mwenzetu Kitale. Gari la viti saba la kuazima, mandazi ndani ya ndoo, chai kwenye thamosi. Kabla hatujaingia Waiyaki Way mmoja aliomba kama tunavyoomba siku zote: tukalifunika gari kwa damu ya Yesu, tukazitaja breki, magurudumu, dereva na kila lori litakalotujia mbele. Amina moja nzito, kisha redio. Na kwa jinsi tulivyo, ombi linalofuata huwa ni la kushuka garini: asante Bwana umetufikisha. Kati ya Amina na asante kuna kilomita kama 380. Humo mna siasa, mna utani, mna habari za nani kachumbiwa na nani, na sioni dhambi ndani yake, kicheko cha ndugu ni zawadi. Lakini hata nyimbo za injili zinaweza kupigwa kuanzia Rironi hadi Eldoret na asipatikane garini mtu mmoja aliyezungumza na huyo anayeimbwa.

Tulipita njia ya chini, ile inayoteremka Bonde la Ufa. Pale mteremko unapokaribia kwisha, kabla ya Mai Mahiu, kuna lile kanisa dogo la Kikatoliki lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitalia mwaka 1942, wakati wakiichonga barabara hiyo. Mzee wa kanisa aliyekuwa nasi akamwambia dereva asimame. Vijana wakaguna: mzee, hata Naivasha hatujaiona! Akashuka hivyo hivyo, nasi tukamfuata. Humo ndani watu wachache tu wanajaa. Nilikuwa nikifikiria wale wanaume, wametekwa, wako mbali na mama zao, wanafanyishwa kazi ya kuvunja mwamba ili wengine wapite haraka, nao wakatafuta nguvu ya kujenga mahali pa kusimama. Magari mengi hupita bila hata kupunguza mwendo. Mzee hakuomba habari za safari yetu. Aliwaombea watu wa Kamuchiri, hapo hapo chini, ambako maji yalivunja tuta la reli usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 na kuchukua makumi ya watu wakiwa wamelala. Tuliporudi garini hakuna aliyeongeza sauti ya redio kwa muda.

Kulikuwa pia na dada yetu mmoja, mwalimu, ambaye kila tuliposimama hakukubali gari liondoke mpaka ameita viti vyote. Tulimcheka, tukamwita mwalimu wa zamu. Nakuru, baada ya kujaza mafuta, akaita tena.

"Wa nyuma?"

"Nipo."

"Nipo gani hiyo?"

Ndugu yetu wa kiti cha nyuma hakujibu. Dada akachukua leso na mkoba wake, akamhamisha kijana mmoja, akaenda kuketi naye. Salgaa tukaipita, Sachangwan tukaipita, wao wananong'ona na sisi huku mbele hatusikii kitu kwa mngurumo wa malori yanayopanda. Nilimwona ndugu yule kwenye kioo ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hanywi. Tulipofika Timboroa, baridi imetia ukungu vioo vyote, akasema mwenyewe tusimame. Kazini alikuwa amepewa barua, mwisho wa mwezi ndio mwisho wake. Mchango wa harusi alikuwa ameshatoa, tena mkubwa kuliko wangu. Tukamwekea mikono pale pale kando ya lami. Mama mmoja muuza karoti alikuja na ndoo yake, akatukuta tumefumba macho, akangoja, akasema Amina pamoja nasi, kisha akauliza, "Haya, mnachukua za ngapi?" Tulinunua nyingi kuliko tulivyohitaji.

Yule dada hakuridhika na kudhani. Aliita, akangoja sauti, akaisikiliza ilivyo. Mariamu na Yusufu nao walipoanza kutafuta, walianzia kwa jamaa zao na wenzao, na hapo ndipo andiko linaponibana. Mtu anaweza kukaa miaka mingi ndani ya imani ya wenzake: mama anafunga, mzee anaomba, kwaya inaimba, naye anahesabu kwamba Yesu yumo tu humo katikati. Musa alikuwa na msafara wa taifa zima, ameahidiwa nchi, ameahidiwa pia malaika wa kutangulia, bado akakataa kuondoka: "Uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa" (Kutoka 33:15). Sisi tukishapata gari zuri na wenzetu wazuri tunang'oa nanga.

Wazazi wale walilipa. Kurudi Yerusalemu ni kutwa nyingine ya mwendo, tena wakipishana na wasafiri wengine wa sikukuu waliokuwa wakienda kwao. Wakamwona baada ya siku tatu, na jibu alilowapa, Luka anasema wazi, hawakulielewa. Akashuka pamoja nao mpaka Nazareti. Kufikia hapo shangazi na majirani walikuwa wameshawaacha mbali. Njia ni ile ile, wametembea watatu, na mimi katika mistari ile sioni mahali Mariamu anaposikitikia msafara.