Pazia langu lilikuwa linakula theluthi ya dirisha

Kwa miaka 3 nimekuwa nikiwasha taa sebuleni saa 4 asubuhi na kuilaumu nyumba. Chumba chenyewe kidogo, mita 3 kwa 3 na nusu hivi, kina dirisha moja tu. Nilishajiambia kwamba ndivyo kilivyo. Nikapaka ukuta rangi nyeupe, mabadiliko hayakuonekana. Nikaweka balbu kali zaidi, nikaishia kuona vumbi vizuri. Halafu siku moja nikavua mapazia ili niyafue, nikageuka, na kile chumba sikukitambua. Kona ya nyuma ya kochi, ambayo siku zote ina giza, ilikuwa inaonekana mpaka nyufa zake. Nikabaki nimesimama na mapazia mikononi. Kumbe mwizi wa mwanga nimemshika mwenyewe.

Nikachukua futikamba. Kioo cha dirisha langu kina upana wa sentimita 120. Fimbo ya pazia ilikuwa na sentimita 140, maana yake inapita dirisha kwa sentimita 10 tu kila upande. Sasa pazia langu lilikuwa kitambaa kizito, na hata ukilivuta lote pembeni, lile fungu lake linachukua sentimita 30. Kumi zinakaa ukutani, ishirini zinalala juu ya kioo. Kushoto ishirini, kulia ishirini. Katika sentimita 120 nilikuwa natumia 80. Theluthi nzima ya dirisha ilikuwa imefunikwa mchana kutwa, na mimi naamini kabisa kwamba pazia liko wazi.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Tunapozungumzia pazia la kung'arisha chumba tunakimbilia rangi na maua ya kitambaa, wakati jambo la kwanza ni mahali fungu la pazia linapopumzika likiwa wazi. Likipumzika ukutani, kioo chote ni chako. Likipumzika kwenye kioo, hata kitambaa kiwe cheupe namna gani, umejipunguzia dirisha. Na kuna la ziada: ukingo wa pazia ukigusa tu ukingo wa kioo, mtu aliye ndani haoni dirisha linaishia wapi. Anadhani linaendelea nyuma ya kitambaa. Dirisha la sentimita 120 linaonekana kama la mita 1 na nusu au zaidi, wala hujavunja tofali.

Kwa hiyo fimbo mpya niliitaka ya sentimita 200, yaani 40 kila upande wa kioo. Kama kitambaa chako ni chepesi, 20 au 25 zinatosha. Usikisie, kusanya pazia lako lote kwa mikono, libane kama linavyokaa likiwa wazi, pima upana wa lile fungu. Namba utakayopata ndiyo fimbo yako inapaswa kuvuka dirisha kwa kila upande.

Suala la urefu lilinisumbua zaidi, kwa sababu lilihitaji kutoboa ukuta. Fimbo ya zamani ilikuwa sentimita 5 juu ya fremu, na pazia likaishia kidogo chini ya kizingiti cha dirisha. Ukitazama ukutani unaona kimraba cha kitambaa katikati ya ukuta, juu yake nafasi tupu, chini yake nafasi tupu. Ukuta umekatwa vipande 3. Jicho linasimama kila mahali na chumba kinaonekana kifupi. Pazia likianzia karibu na dari na kushuka mpaka sakafuni, jicho linapanda na kushuka bila kizuizi, na dari inaonekana imeinuka. Dari yangu iko sentimita 255 kutoka sakafuni. Fimbo nikaamua ikae kwenye 245.

Nikampigia simu shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ana drili na ana urefu wa kutosha kutoboa juu bila kuomba ngazi ndefu.

“Shemeji, mbona unataka kuipeleka fimbo kule juu wakati dirisha liko huku chini?”

“Toboa tu shemeji, utaona.”

Hakutoboa nilipomwambia. Alifikiri nimekosea, akanionea huruma, akaanza kutoboa sentimita 15 juu ya fremu, “tuanzie hapa kwanza.” Drili ikapiga kelele, ikatoa harufu ya kuungua, na tundu halikufika hata urefu wa kucha. Pale ndipo ilipo lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaobeba tofali za juu ya dirisha. Zege linataka drili inayozunguka huku inagonga, pamoja na ncha yake maalumu. Drili ya kawaida utaichosha bure. Nikamwambia haya basi, panda nilikokuambia. Kwenye 245 akakuta tofali, na tofali lenyewe laini kupita kiasi. Tundu likapanuka mpaka kidole kinaingia, na kile kiplastiki cha kushikia skrubu kikawa kinazunguka ndani kama kijiko kwenye kikombe. Tukalijaza saruji, tukaliacha siku 2, akarudi akatoboa upya kwa ncha nyembamba zaidi. Lile jaribio la kwanza kwenye lenta bado lipo, limefichwa na kitambaa. Shemeji hapendi nilitaje.

Hapo ikatokea kitu ambacho sikukitarajia. Shemeji ni mtu wa vipimo, akaweka pimamaji juu ya fimbo, povu likakaa katikati kabisa, akafunga skrubu. Tukarudi nyuma tukatazama. Fimbo imepinda! Tukapima tena, iko sawa. Tukatazama tena, imepinda. Tulibishana karibu nusu saa kabla ya kufikiria kupima kutoka dari. Kushoto kulikuwa na sentimita 10 kati ya fimbo na dari, kulia 8 na nusu. Dari ndiyo iliyoinama. Fimbo ikiwa chini karibu na fremu hakuna anayejua, kwa sababu jicho linailinganisha na dirisha. Ukiipandisha karibu na dari, jicho linailinganisha na dari, na kosa la yule aliyejenga linakuwa lako. Tukashusha upande wa kulia kwa kiasi cha nusu ya tofauti, kama milimita 7. Sasa pimamaji linasema imepinda na macho yanasema imenyooka. Mimi naishi na macho.

Jambo jingine: fimbo ndefu inataka kishikio cha katikati. Ya kwangu tuliifunga kwa vishikio viwili vya pembeni, na siku tuliyotundika kitambaa ikalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Cha tatu tukakiongeza siku ileile, tukiwa tumekwisha shusha ngazi.

Kitambaa nilikiwazia kwa muda mrefu. Miaka mingi nyuma niliwahi kuwa na mapazia mekundu, na kwa muda wote huo nilishangaa kwa nini picha zangu zote za ndani nimetoka kama nina homa. Mwanga unaopita kwenye kitambaa unabeba rangi yake. Pazia la kijani linakupa uso wa mgonjwa, la bluu linaleta ubaridi, jekundu linakuchemsha. Ukitaka mwanga ubaki mwanga, chagua nyeupe au rangi iliyofifia sana. Mimi nimechukua rangi iliyokolea kidogo tu kuliko ukuta, kiasi kwamba usiku kwenye taa huwezi kutofautisha haraka. Hii ndiyo inayofanya ukuta usomeke mzima. Pazia lenye rangi iliyopingana na ukuta linapendeza, sikatai, lakini linasimama pale kama nguzo 2 na kumwambia kila anayeingia kipimo halisi cha chumba. Maua makubwa yanafanya vivyo hivyo. Mistari sawa, mradi iwe ya kusimama. Ile ya kulala inatanua ukuta lakini inaushusha.

Halafu upana wa kitambaa, na hapa watu wanabana matumizi kuliko inavyofaa. Fimbo ya sentimita 200 haitaki kitambaa cha sentimita 200. Kitafunga, ndiyo, lakini kitakaa bapa kama shuka lililoanikwa. Inataka kama 400 hadi 500, ili hata pazia likiwa limefungwa liwe na mikunjo inayoshuka. Ile mikunjo ya kusimama ndiyo mistari yenyewe inayopandisha dari. Kitambaa changu kilikuwa na upana wa sentimita 140, nikachukua vipande 3, vikashonwa kuwa mapazia 2, kila moja kipande kimoja na nusu. Ule mshono wa kuunganisha nilimwomba fundi auweke upande wa nje, karibu na ukuta, unapotea kwenye mikunjo.

Nyuma yake nimeweka pazia jepesi, lile linaloonyesha. Mchana linatosha peke yake: aliye nje haoni ndani, na jua kali linapita limeshachujwa na kusambaa chumba kizima badala ya kudondoka sakafuni kama kipande kimoja cheupe. Ila usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, wewe ndiye unayeonekana, tena vizuri. Usilitegemee. Kama dirisha lako linapigwa jua moja kwa moja, pazia zito litiwe bitana nyeupe kwa nyuma, la sivyo litachujuka kwa mistari, sehemu za mbele za mikunjo zikipauka kabla ya zile za ndani.

Rafiki yangu mmoja aliposikia habari za sentimita 40 kila upande akacheka, kwa sababu dirisha lake liko kiganja kimoja tu kutoka kwenye kona. Kwake tulifanya pazia moja badala ya mawili, linavutwa lote upande wenye ukuta. Ni afadhali upande mmoja wenye nafasi kuliko pande 2 zinazobanana.

Yale masanduku ya mbao au ya kitambaa yanayowekwa juu kufunika fimbo, nimeyaondoa. Yanakata mwanga wa juu ya dirisha, na mwanga wa juu ndio unaofika ndani zaidi chumbani. Kuhusu kioo cha kujitazamia mkabala na dirisha, ndiyo, kinasaidia, lakini kwanza osha vioo vya dirisha. Nje pia. Mimi sikuwa nimeosha vya nje kwa muda ambao sitautaja.

Sasa kosa langu kubwa. Kitambaa ni pamba iliyochanganywa na kitani. Kutoka kwenye fimbo mpaka sakafuni ni sentimita 245, pazia nikalipima 244, nikaacha nafasi ya sentimita 1 ili ufagio usikwame. Kuna wanaopenda pazia lijikusanye chini kama gauni la bibi harusi. Mimi nina watoto na vumbi, hapana. Fundi wa cherehani, mama mmoja mwenye subira, aliniuliza: “Mwanangu, hiki umekifua?” Nikamjibu kwamba ni kipya. Akaniangalia. Akasema, “Basi nitakuachia pindo pana chini,” akaacha sentimita 15. Nilidhani ni kupoteza kitambaa, nikanyamaza kwa adabu.

Mapazia yakapanda, chumba kikafunguka, shemeji akakiri kwamba kule juu ndiko kwenyewe. Wiki 3 baadaye kikombe cha rangi za mtoto kikamwagikia pazia la kushoto. Nikayafua yote mawili ili yafanane. Yalipokauka nikayatundika, nikakuta miguu ya kochi inanitazama. Yalikuwa yamepanda sentimita 7 na ushee. Asilimia 3 tu ya kurudi, na kwenye kitambaa kirefu hivyo, asilimia 3 ni suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla.

Nikarudi kwa yule mama na mapazia kwapani. Hakusema “nilikuambia.” Alifumua pindo, akapima, akakuta akiba inatosha na bado pindo la sentimita 7 linabaki. Lakini akakataa kulishona. Kitani, anasema, kikikaa kimening'inia kinashuka chenyewe kwa uzito wake. Nikayatundike kwanza na pini, niyaache wiki nzima, halafu nikunje upya kulingana na pale yalipofikia, kila pazia kwa kipimo chake.

Kwa hiyo hivi ninavyoandika, ni saa 4 asubuhi, taa imezimwa, na mwanga umefika mpaka kwenye ile kona ya nyuma ya kochi. Chini ya kila pazia kuna safu ya pini, na juu kidogo ya pini kuna ule mstari wa pindo la zamani ambao pasi imeshindwa kuufuta. Nilisema wiki moja. Hii ni ya nne, na kila mgeni akikaa karibu na dirisha namwambia aangalie asijichome.