Chester Arthur kaninyima usingizi

Jana nilisema nisome kurasa mbili tatu tu nilale. Saa nane usiku bado niko macho, nahangaika na siasa za Marekani za miaka ya 1880!

Enzi zile chama kikishinda, kazi za serikali waligawiwa makada, kuanzia posta mpaka forodha. Na ukishapewa, chama kinadai fungu lake kwenye mshahara wako. Chester Arthur alikuwa mtoto wa mfumo huo: bosi wa forodha bandari ya New York, mtu wa Seneta Roscoe Conkling, hadi Rais Hayes alipomtoa mwaka 1878. Miaka miwili baadaye ndiye mgombea mwenza wa James Garfield, wakashinda: Garfield rais, Arthur makamu wake. Siasa bwana!

Julai 2, 1881, Charles Guiteau, aliyejiona anastahili ubalozi mdogo wa Paris kwa kukipigia chama debe, akampiga Garfield risasi kituo cha treni Washington. Madaktari wakachokonoa jeraha kwa vidole visivyooshwa (hapo niliweka simu chini kidogo). Akafa Septemba 19.

Arthur akashika nchi. Wangapi walitegemea sasa ni kula tu? Januari 1883 akasaini Sheria ya Pendleton: kazi kwa mtihani, na marufuku kuwakamua watumishi michango ya chama. Ilianza na sehemu ndogo tu ya ajira, kama asilimia 10.

Mwaka 1884 chama chake kikamwacha, kikamsimamisha Blaine. Blaine akashindwa na Cleveland wa chama pinzani.

Nimefika kazini macho mekundu, mwenzangu ananiuliza harusi ilikuwa ya nani.