Unga mbichi wa saa saba usiku

"Mpe uji mzito kabla hajalala, atashiba mpaka asubuhi." Ushauri huu nimepewa na ndugu, na majirani, na hata na watu wa hospitali. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kuhifadhi glaikojeni aina ya Ia, kama mwanangu, ushauri huo unaweza kumpeleka kaburini. Naandika tunavyofanya sisi, kwa vipimo, kwa sababu nilipokuwa natafuta maelezo ya Kiswahili sikuyapata.

Ini ni ghala. Chakula kikiingia, ini linaweka akiba ya sukari kwa umbo la glaikojeni, na mtu akikaa bila kula linaitoa kidogo kidogo kwenye damu. Mlango wa kutolea ni kimeng'enya kinachoitwa glukosi-6-fosfatasi. Kwa watoto hawa mlango huo umefungwa tangu tumboni, maana wamerithi kasoro ile ile kwa baba na kwa mama, wazazi ambao wenyewe ni wazima kabisa. Kila mimba ya wazazi hao ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa huu. Ugonjwa ulielezwa na Edgar von Gierke mwaka 1929, na mwaka 1952 Gerty na Carl Cori wakaonyesha kuwa kinachokosekana ni hicho kimeng'enya. Akiba inaingia, haitoki. Saa tatu baada ya kula, sukari ya damu inaporomoka, na ile iliyokwama ndani inageuka mafuta, asidi ya laktiki na asidi ya yuriki. Ini linavimba.

Tumbo la mwanangu likaitwa bandama. Wazee wakataka achanjwe chale. Naomba kila mzazi ajue jambo hili moja: bandama liko kushoto, ini liko kulia. Kwa ugonjwa huu ini linaweza kushuka mpaka usawa wa kitovu na hata chini yake, figo nazo zinakua, lakini bandama kwa kawaida halivimbi. Ukiona tumbo kubwa, mashavu ya mviringo kama ya mwanasesere, mtoto mfupi kwa umri wake, na anaamka alfajiri anatetemeka au analia njaa isiyo ya kawaida, omba apimwe sukari wakati huo huo, kabla hajapewa chochote. Sisi kilichomshtua daktari ni chupa ya damu. Iliposimama kidogo kwenye kishikio, sehemu ya juu haikuwa na rangi ya manjano bali ilikuwa nyeupe kama tui. Yale ni mafuta. Sukari ilikuwa milimoli 2.1 kwa lita, laktiki iko juu, mafuta yako juu, yuriki iko juu. Vinne hivyo vikikaa pamoja, jibu linakuwa karibu, na siku hizi linathibitishwa kwa kipimo cha vinasaba badala ya kukata kipande cha ini.

Tiba ni wanga wa mahindi, mbichi. Miaka ya 1970 watoto walikuwa wanalishwa usiku kucha kwa mpira wa puani. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani wakaonyesha kwamba wanga mbichi uliokorogwa kwenye maji baridi unafanya kazi karibu ile ile, kwa sababu chembe zake ambazo hazijapikwa zinasagwa polepole tumboni na kuachia glukosi kwa saa kadhaa. Ni hivyo tu. Mashine haihitajiki.

Ugumu uko dukani na jikoni. Sembe siyo wanga. Sembe ni punje ya mahindi iliyosagwa, ina protini yake na mafuta yake. Unachotafuta ni ile konflawa nyeupe laini ya kufanyia mchuzi uwe mzito, na kwenye maelezo ya viambato pasiwe na kitu kingine. Soma pakiti hata kama muuzaji anakuapia. Mara ya kwanza nililetewa unga wa kastadi, kwa sababu unakaa rafu moja na wenyewe ni konflawa, ila una rangi na ladha, na mwingine una sukari. Mara ya pili nikaletewa wanga wa muhogo uliopimwa kwa kilo kwenye mfuko wa nailoni. Wa mahindi ukiubana kati ya vidole unalia kama viatu vipya, na ukiuchanganya na maji kidogo kisha ukaugonga kwa kijiko unakuwa mgumu, ukiuachia unatiririka. Lakini wa muhogo nao unafanya hivyo hivyo, ndiyo maana nasisitiza pakiti iliyoandikwa. Ukipata aina iliyomkubali mtoto, usiihamehame. Kila pakiti mpya tunapima sukari siku ya kwanza kana kwamba ni dawa mpya.

Sasa lile kosa la uji, ambalo nililifanya mwenyewe na nilijifunza mengi kwalo. Mtoto alikuwa anakataa unga wa baridi, akitema. Nikaona niukoroge kwenye maji ya moto kidogo tu, uwe laini, aunywe kwa furaha. Akaunywa wote. Saa moja baadaye mashine ya kupimia sukari ikasoma 8.9 nikafurahi sana. Saa mbili na nusu baadaye ikasoma 3.0. Maji ya moto yalikuwa yamezipasua zile chembe: unga ukawa uji, uji ukasagwa mara moja, sukari ikapanda, insulini, homoni inayoshusha sukari, ikaifuata, na ghala lenye mlango uliofungwa halikuwa na cha kutoa. Uji mzito kiasi gani, haijalishi. Ukishapikwa umekwisha. Maji yawe ya baridi au ya kawaida, usiongeze sukari wala asali, na usiweke limau wala ndimu, maana ile asidi nayo inaharibu kazi.

Kipimo ni kwa uzito. Mtoto mdogo hupewa kama gramu 1.6 kwa kila kilo, kila baada ya saa 3 hadi 4; akikua inakuwa kati ya 1.7 na 2.5 kwa kilo na muda unasogea mpaka saa 4 hadi 6. Wangu ana kilo 15, kwa hiyo ni gramu 24 kwa maji mililita 50. Namba ya mwanao itatoka kliniki, maana kuzidisha nako kunanenepesha ini. Chini ya miezi 6 unga hauanzwi, utumbo bado hauna vimeng'enya vya kutosha vya kuusaga. Tulianza na gramu 5 tukawa tunaongeza kila baada ya siku chache. Ukianza na kipimo kizima tumbo linajaa gesi na mtoto anaharisha, halafu watu wanasema dawa imemkataa.

Nunua mizani ya jikoni ya gramu moja moja. Kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa ni kama gramu 8, lakini kijiko cha dada wa kazi na kijiko cha bibi havifanani, na tofauti ya gramu 4 saa saba usiku ni jambo la hatari. Jioni napima vipimo vyote vikavu kwenye vikopo vyenye mfuniko, naandika saa juu yake: saa tatu usiku, saa saba, saa kumi na moja alfajiri. Maji yako kwenye chupa pembeni, yamepimwa. Saa yenyewe ikifika unamimina maji, unafunga, unatikisa, hata taa huwashi. Mkalishe mtoto wima, tumia mrija, anywe nusu usingizini. Kisha, na hapa wengi wanakosea, unga huwa unatuama. Chini ya kopo kunabaki tope jeupe ambalo linaweza kuwa robo ya kipimo. Mimina maji kidogo tena, tikisa, amalizie. Alamu ziwe mbili, kwenye simu mbili za watu wawili, moja iwe mbali na kitanda.

Ili kujua unga unamshikilia muda gani, tulipima mchana, kwa makubaliano na daktari: kabla ya kunywa, kisha baada ya saa 2, saa 3, saa 3 na nusu na saa 4. Tunataka isishuke chini ya 4. Usimtazame mtoto usoni ukadhani unajua. Laktiki ikiwa juu, ubongo unaitumia kama chakula, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na sukari ya 2.5 na bado anacheza mpira. Stripi za kupimia sukari ndizo zinazomaliza pesa. Konflawa ni rahisi, ingawa tunakula pakiti ya gramu 400 kwa siku zisizofika tatu.

Chakula kingine kinafuata mantiki ile ile ya mlango. Sukari ya mezani, asali, miwa, juisi, matunda mabivu na maziwa vina aina nyingine za sukari, frukitosi au galaktosi, ambazo haziwezi kutoka kwenye ini zikiwa glukosi, zinaishia kuwa laktiki na mafuta. Ugali, wali, ndizi mbichi za kupika, viazi mviringo, dagaa, maharage na mboga za majani ni ruksa. Kwa sababu matunda na maziwa yamepungua sana, anameza kalisiamu na vitamini. Angalia pia dawa za maji: sirapu nyingi zina sukari au sobito, na sobito ikiingia mwilini inageuka frukitosi. Omba vidonge, usage. Sukari ikishuka, mpe glukosi tupu ya kopo kisha unga mara baada yake, siyo soda.

Tuna barua ya dharura imefungwa kwenye plastiki ndani ya begi lake. Ina mistari michache. Akitapika unga mara mbili, dripu ya dekstrozi asilimia 10 ianze mara moja, vipimo vitafuata. Asipewe dripu ya Ringa lakteti, maana ni kumwongezea laktiki ambayo mwili wake umeshindwa kuitoa. Sindano ya glukagoni haimsaidii, inaliamuru ini litoe sukari na mlango umefungwa. Dripu isikatwe ghafla, ipunguzwe huku anakula. Anatokwa damu kwa muda mrefu, aspirini hapana, na jino lising'olewe kabla ya kuzungumza na daktari wake. Nesi aliyekuwa zamu siku moja aliisoma mara mbili, akabadilisha chupa aliyokuwa ameshaitundika. Mungu ambariki.

Haya yote yanafanyika kwa ajili ya miaka ijayo. Wengi wa wagonjwa hawa, kuanzia ujana, ini linaota vivimbe vinavyoitwa adenoma, vinavyoweza kuvuja damu, na vichache vinageuka saratani. Wale ambao sukari na mafuta yao yametulia tangu utotoni wana nafuu kubwa. Kipimo cha damu cha alfafetoproteini hakitoshi kuvigundua, lazima picha. Mtoto hupigwa altrasaundi kila mwaka au miaka miwili, mtu mzima kila miezi 6 hadi 12. Kupandikiza ini kunarekebisha sukari lakini figo zinabaki na shida zake, ndiyo maana mkojo nao unapimwa protini.

Na hapo kwenye altrasaundi ndipo nilipotaka kupiga kelele. Kikaratasi cha miadi kiliandikwa "asile kitu tangu saa mbili usiku." Hicho ni kifungu cha kawaida kwa kila mgonjwa, na kwa mwanangu ni saa kumi na mbili za hatari. Nilirudi mapokezi nikaomba kuonana na mpiga picha mwenyewe. Tukakubaliana: hakuna chakula cha usiku chenye mafuta, unga saa saba na saa kumi na moja kama kawaida kwa maji tupu, na awe wa kwanza kuingia saa mbili asubuhi. Ini lilionekana vizuri kabisa, limepungua sentimita mbili, hakuna uvimbe. Saa tatu kamili alikuwa amekaa kwenye benchi la nje anakunywa kikopo chake. Miadi inayofuata ni Machi, na namba moja nimeshaiombea.