Mizani yangu ya mzinga ilivyovuka vipimo vya Ulaya

Mtu akikuambia atakuuzia "cheti cha CE", ile alama inayoonyesha kifaa kinatimiza masharti ya Umoja wa Ulaya, kwa dola mia tatu, usimpe hata senti. Mimi nilibakiza kidogo tu nimlipe. Mnunuzi wa Ujerumani alikuwa ameniagiza mizani 40 za kuwekwa chini ya mizinga ya nyuki, zinazopima uzito wa asali na kurusha namba kwa LoRa, aina ya redio inayofika mbali kwa umeme kidogo. Bei tulishakubaliana. Kilichobaki alikirudia katika kila barua: alama ya CE iko wapi?

Nilihangaika wiki tatu nikitafuta ofisi inayotoa hiyo CE. Kwa kifaa kama changu haipo. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2014/53, inayosimamia vifaa vya redio, inamtaka mtengenezaji mwenyewe apime, aandae faili la kiufundi, kisha asaini tamko kwamba kifaa kinatimiza masharti. Ukifuata kikamilifu viwango walivyovitambua, huhitaji muhuri wa mtu mwingine. Karatasi ile ya dola mia tatu isingebadili kitu, maana jina kwenye tamko lingebaki langu, na wa kujibu ningekuwa mimi.

Ushauri mwingine mbaya ulitoka kwa kijana msomi kabisa. "Kaka, moduli ya LoRa tayari ina CE. Bandika alama, peleka mzigo." Ni kweli moduli, yaani kipande cha redio kinachonunuliwa kikiwa tayari, ilikuja na ripoti zake, na zilinipunguzia vipimo vya redio yenyewe. Hapo nilichohakikisha ni kwamba programu yangu hairushi kupita asilimia 1 ya muda kwenye 868 MHz, yaani sekunde 36 kwa saa. Lakini bodi niliyoichora mimi na kebo niliyoikata mimi, ripoti ile haizijui, na hizo nazo zinaweza kurusha mawimbi.

Nikatuma mizani mbili kwenye maabara huko Ujerumani. Betri za lithiamu zilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu sikuwa na ripoti ya UN 38.3, yaani vipimo vya usalama wa betri safarini, kwa hiyo mwombe aliyekuuzia betri akupe mapema. Siku moja ya chumba cha vipimo ilinigharimu euro elfu moja na ushee. Jioni wakanitumia grafu. Kwenye 96 MHz kulikuwa na mchomo uliopita kikomo kwa desibeli 7, yaani mawimbi yenye nguvu zaidi ya mara mbili ya inayoruhusiwa. Nilikuwa nimeshindwa, na pesa imekwenda.

Nikaenda soko la Kilombero kwa mzee mmoja fundi redio, nikamwamkia, nikamwonyesha grafu kwenye simu. Alitazama ile 96, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo si FM?" Akanipa redio ndogo ya betri. "Itafute mahali pasipo na stesheni, ivume. Ikinyamaza, ujue kuna kitu kinarusha."

Nikarudi nayo nyumbani, nikaiweka kwenye 96, mvumo mtupu. Nikawasha mizani. Redio ikanyamaza kimya! Nikazima, mvumo ukarudi. Nilirudia mara kumi, kwa furaha ambayo siwezi kuieleza, kwa sababu kile walichokiona kwenye chumba cha mamilioni sasa nilikuwa nakisikia barazani kwangu.

Nikachukua chaki, nikachora mistari sakafuni kila nusu mita. Kipimo changu kikawa umbali ambao redio inaacha kunyamaza. Mwanzo ulikuwa mita nne. Nilipochomoa kebo ya kihisi uzito, ukaanguka hadi chini ya mita moja. Hapo ndipo nilipopiga hesabu: wimbi la 96 MHz lina urefu wa mita 3.1, robo yake ni sentimita 78. Kebo yangu ilikuwa sentimita 80. Waya wa robo ya wimbi hurusha vizuri, kwa hiyo ilikuwa antena kamili. Na 96 ni 16 mara sita, na kristali inayoipa prosesa yangu mapigo yake, yaani saa yake, ni ya 16 MHz. Njia ya saa hiyo kwenye bodi ilipita chini kabisa ya soketi ya kebo.

Pete ya feraiti, ile ya sumaku inayozuia mawimbi, kwenye kebo ilinipeleka mita mbili na nusu. Kapasita ya nanofaradi 1 kwa kila waya, pale pale inapotokea kwenye boksi, mita moja. Kisha nikachora bodi upya, nikahamisha ile njia na kuiwekea rezista ya omu 47. Sasa redio ilinyamaza pale tu nilipoigusisha na boksi. Maabara, safari ya pili, ilikuta desibeli 6 chini ya kikomo.

Usisahau waya wa kulehemu. Ule wa 60/40 tuliouzoea una madini ya risasi asilimia 40, na Ulaya wanaruhusu asilimia 0.1. Nilibadilisha, pamoja na ncha za pasi, maana usio na risasi unayeyuka karibu nyuzi 217 na unataka mkono wenye subira.

Tamko nililisaini mwenyewe, nikaweka anwani yangu kwenye lebo na ya mnunuzi kama mwingizaji. Faili limo kwenye sanduku la chuma, litakaa humo miaka 10 kama sheria inavyodai. Mizani 40 zimeshafika. Sasa mnunuzi anataka kebo ya mita mbili, na robo ya wimbi yenye urefu huo iko karibu na 37 MHz, ambako redio ya mzee haifiki. Nimeagiza kipokezi kidogo cha USB. Chaki bado ninayo.